Makapu Manne Chumbani kwa Fundi

Wazee wenzangu wa Upare wakisimulia ile kodi ya mali tuliyoikataa, ile ya mbiru, husimulia habari za wanaume. Wanaume walishuka Same, wanaume walikaa pale uwanja wa boma miezi na miezi, wanaume walimwambia Mwingereza hapana. Sawa, sikatai. Lakini wanaume hao walikula nini? Walikula makande, na makande hayo yalishuka kutoka milimani juu ya vichwa vya wanawake. Kichwa kimoja kati ya hivyo kilikuwa changu, nacho kilikuwa kimenyolewa upara kwa ajili ya mama yangu.

Shule nilikwenda misimu miwili tu, nikatolewa nikalee wadogo zangu. Kusoma nilijifunza ukubwani, nikiwa tayari nina duka langu na watu wazima wananipa shikamoo. Ukikuta nimekosea hapa nisamehe, na usiposamehe nyumba yangu haitaanguka. Niliijenga mwenyewe.

Mama alikufa kwa kichomi, miezi ile ya baridi ukungu unapokaa mlimani mpaka mchana. Alikohoa siku sita. Baba alikuwa Same na wenzake. Alipanda, akazika, akalala kwetu siku mbili, akashuka tena kwa sababu zamu ya kilima chetu ilikuwa haijaisha. Simlaumu. Namlaumu kidogo. Mwinjilisti alituambia tusilie kama watu wasio na tumaini, shangazi yangu akatuambia tusilie kwa sababu mahindi hayajapukuchuliwa. Basi hatukulia. Nilikuwa na miaka kumi na minne, au kumi na mitano, hakuna aliyeandika. Nilipukuchua mahindi, nikawapikia wadogo zangu watatu.

Kuna jambo moja lazima nilieleze kwanza, maana bila hilo hutaelewa kilichonitokea. Kwetu mama akisuka kapu la ukindu, kazi ya mwisho ni kukunja mdomo wake na kuufunga kwa mafundo. Kila mama ana ufungo wake. Wa mama yangu ulikuwa mafundo matatu ya kusimama, uzi mweusi, kisha fundo moja la kulala. Ukiliona kapu hilo njiani ulijua linatoka nyumba gani, hata kama humjui binti anayelibeba. Kapu la kuuza halifungwi hivyo. La kuuza huachwa mdomo mtupu, umekunjwa tu. Lenye ufungo haliuzwi. Hutoka nyumbani kwa njia moja tu, juu ya kichwa cha binti wa nyumba hiyo. Wanaume hawajui mambo haya. Muulize mwanamume wa Kipare akuonyeshe kapu la mkewe kati ya makapu kumi, atakuonyesha lililo na chakula.

Mama alizaliwa Bombo. Huko alikuwa na rafiki waliyefundishwa kusuka pamoja, kwa bibi mmoja, na rafiki huyo ufungo wake ulikuwa uzi mwekundu unaopanda juu ya uzi mweusi na kushuka, kupanda na kushuka, mpaka umalize mdomo wote. Alikuwa na binti aliyenizidi mwaka mmoja au miwili. Tulipokwenda Bombo tulilala naye ngozi moja na kucheka mpaka tunafukuzwa nje. Kwenye msiba wa mama, yule rafiki alikuja peke yake. Nikamuuliza, "Dada yuko wapi?" Akasema, "Yuko Tanga, kwa ndugu. Analea mtoto." Alisema akiangalia moto, akainuka kwenda kuteka maji wakati mitungi ilikuwa imejaa.

Sasa kushuka Same. Tulishuka mara moja kila wiki, wanawake kumi na wawili hivi, shangazi akiwa mbele. Shangazi huyu, dada yake baba, alikuwa mwembamba kama mpini na ulimi wake ulikata kuliko jembe. Tuliondoka jogoo wa kwanza na kufika jua likiwa kali, makande yamepoa. Tulipokusanyika kurudi, shangazi alihesabu makapu. Hakuhesabu watu. Alisema mtu anaweza kujificha nyuma ya mwingine, kapu lipo au halipo.

Baba alipokea chakula akaniuliza habari za ng'ombe. Kisha habari za wadogo zangu, kisha akaanza kunieleza kodi, kwa nini si haki mtu kupimiwa mali yake kwa macho ya karani. Nilisubiri ataje jina la mama. Hakulitaja. Wiki ya pili hakulitaja, wiki ya tatu nilimtajia mimi: "Baba, makande haya nimepika kwa chungu cha mama." Akasema, "Yamepungua chumvi."

Nikaenda madukani kutafuta chumvi.

Fundi mmoja wa nguo alikuwa kwenye baraza ya duka moja, na cherehani yake ya miguu. Mtu mzima, umri wa baba au zaidi, shati jeupe, kalamu ya risasi sikioni. Hakuwa Mpare. Chasu, lugha yetu, alikijua cha kununulia na kuuzia. Alisimamisha gurudumu kwa kiganja, akanitazama kichwani.

"Pole, mwanangu," akasema. "Ni nani? Mama?"

Ndugu yangu msomaji, hakuna aliyekuwa ameniuliza. Kilima kizima kilijua na kwa hiyo hakuna aliyeniuliza. Nikaitika kwa kichwa.

"Lia," akasema. "Kaa hapo kwenye gunia ulie. Hapa hapana mtu wa kukukataza."

Nililia pale mpaka kanga ikalowa bega. Yeye akashona, akanipa maji ya kunawa uso. Ndiyo ilikuwa ndoana yake. Watu husema wasichana hudanganywa kwa sukari na shanga. Mimi sukari alikuja kunipa baadaye, na ningeweza kuikataa. Ruhusa ya kulia sikuweza kuikataa.

Kila wiki baada ya hapo nikampa baba chakula upesi nikaenda barazani. Alitaka nimwambie habari za mama, nami nilimwambia: alivyokuwa anaimba bila maneno, alivyokuwa anaficha ndizi mbivu kwenye majani ya mahindi. Alisikiliza, akacheka pale pa kucheka. Mara akanipa kitambaa cha kufunika upara. Akasema, "Kifunge ukiwa hapa kwangu. Huko kwenu kivue, wasije wakakusema." Nikaona ni huruma. Leo naona kwamba siku hiyo ndiyo aliyonipa siri ya kwanza kubeba, na aliyekubebesha siri moja atakubebesha ya pili.

Ya pili ilikuwa chakula. Alinilisha wali, chumbani nyuma ya duka, mlango wazi. "Usimwambie baba yako, atasikia vibaya kwamba makande yake huyapendi." Ya tatu ilikuwa maneno. Alianza kuniambia baba hanipendi, na alisema kwa upole, kama mtu anayekupa habari ya msiba. "Mwanamume aliyempenda mkewe hakai uwanjani kubishana na kodi mkewe akifa kwa baridi. Wewe umebaki mtumishi wao, binti." Nilikuwa nimetoka kuwa mwanangu nikawa binti, sikugundua. Nilirudi mlimani nimejaa hasira. Nilimpiga mdogo wangu kwa sababu alimwaga unga. Nilikuwa sijampiga mtu maishani.

Mwisho akaniambia ana dada yake Tanga, mjane mwenye nyumba kubwa, anatafuta binti wa kukaa naye kama mtoto wake. Nitavaa viatu. Nitafundishwa cherehani. "Wiki ijayo mpe baba yako chakula, uje moja kwa moja. Treni ya Tanga inapita alasiri. Usimuage mtu. Ukimuaga mtu atalia, nawe umeshalia vya kutosha."

Wiki ile nzima nilitembea nyumbani kama mtu aliyekwisha kuondoka. Niliwafundisha wadogo zangu mahali chumvi ilipo. Waliponiuliza kwa nini, nilisema nataka kupumzika tu, sikusema zaidi. Na kapu la kubebea nilichukua la mama, lile lenye mafundo matatu, ambalo mpaka siku ile lilikuwa limetundikwa na hakuna aliyeligusa. Shangazi aliliona kichwani mwangu alfajiri, akashika njia.

Nilimpa baba makande. Alikuwa ameketi na wenzake. Nilisimama zaidi kidogo kuliko siku zote.

"Nini?" akauliza.

"Hakuna, baba."

"Basi msichelewe kupanda, mvua ile pale."

Hayo ndiyo niliyokuwa naondoka nayo.

Fundi aliniingiza chumbani. Safari hii alirudisha mlango. Palikuwa na gauni juu ya kitanda cha kamba, la maua, alilolishona kwa kunikadiria, na sanduku dogo la bati. Akasema kapu niliache, mjini hakuna abebaye kapu. Akalichukua mkononi mwangu akalitupa juu ya mengine kwenye pembe, juu ya kichanja alipowekea mabaki ya vitambaa.

Juu ya mengine. Nikatazama. Yalikuwa makapu matatu, na langu la nne. Nilikuwa nimeketi chumba kile mara ngapi nikila wali? Siku hizo zote nilitazama sahani tu. Sasa nikatazama midomo ya makapu, na yote matatu yalikuwa na ufungo. Mawili sikuyajua, ni ya milima mingine. La tatu lilikuwa na uzi mwekundu unaopanda juu ya mweusi na kushuka, kupanda na kushuka.

Nikasema, "Makapu haya ni ya nani?"

"Ya kuwekea vitambaa."

"Umeyapata wapi?"

"Nimeyanunua kwa mama zako hao hao wanaoshuka. Wapare bwana, wanauza hata kinachobebea chakula chao." Akacheka. Ulikuwa mzaha wake wa kawaida, nami siku nyingine nilicheka naye.

Sikujua kusoma jina langu siku hiyo. Angenionyesha barua ya uongo ningeiamini, angenionyesha hata tiketi ya uongo. Lakini alinionyesha kapu lenye ufungo akasema amelinunua, na hapo hakuna wa kunidanganya.

"Nataka kurudi kwa baba," nikasema.

Akanishika kifundo cha mkono, si kwa nguvu sana, kama mtu anayepima mti kama umekauka.

"Wewe," akasema. Nilikuwa mwanangu, nikawa binti, sasa nikawa wewe. "Wewe umekula kwangu wiki ngapi? Umeingia chumba hiki mara ngapi? Nikisimama pale uwanjani nikimwambia baba yako mbele ya wazee wenzake, nani atakuuliza kama mlango ulikuwa wazi? Atakuchinja kwa macho. Hutaolewa, hutaingia kanisani. Vaa gauni. Nakwenda stesheni."

Akatoka, nikasikia kufuli.

Nitasema ukweli: nilikaa kitandani nikafikiri kuvaa. Kwa sababu alichosema juu ya baba niliona ni kweli. Nilishika gauni. Nilichowaza si ujasiri wowote, nilimwaza dada wa Bombo. Kwamba naye alikaa kwenye kamba hizi hizi, na akalivaa lake. Kwamba kapu alilifunga mama yake kwa vidole vyake, na sasa limejaa mabaki. Nikamwaga vitambaa chini. Ndani kabisa palikuwa na ngata yake ya kichwani, bado imekunjwa mviringo.

Dirisha lilikuwa dogo, lina vyuma viwili. Mtu hapiti. Lakini kapu la ukindu hukunjika. Nikalikunja la mama nikalipitisha katikati ya vyuma mpaka likafunguka nje, nikafunga kishikio chake kwenye chuma kwa kitambaa kile cha kufunika upara. Dirisha lilitazama njia ya kurudi milimani. Kisha nikakaa chini nikishika la Bombo magotini. Kupiga kelele sikuweza. Niliona aibu. Nakuambia mtu anaweza kuona aibu kuliko hofu.

Nilisikia sauti za wanawake, na shangazi akihesabu: "... kumi, kumi na moja. Kumi na moja! La nani halipo?" Halafu sauti yake, karibu, ya chini ambayo sijawahi kumsikia nayo: "Hilo ni la wifi yangu."

Miguu ikazunguka hadi barazani. Mlango ukasukumwa, kufuli ikalia.

"Umo humo?"

"Nimo, shangazi."

Nikasikia wanawake wote wanakaa chini barazani, makapu yanatua moja moja. Fundi aliporudi kutoka stesheni aliwakuta hivyo.

"Shikamooni akina mama," akasema. Mtu mzima kama yeye.

Hakuna aliyeitika. Shangazi akasema, "Fundi, siku hizi unashona makapu? Tumeliona moja limening'inia dirishani."

"Binti yenu alijisikia vibaya, nimempumzisha."

"Ukamfungia kwa kufuli asije akaanguka. Una huruma, fundi. Mama yako alikuzaa mwenyewe au ulinunuliwa?"

Mmoja akacheka. Mwingine akasema, "Fungua fundi, tuna njia ndefu. Ama twende tukawaite wanaume pale uwanjani? Wamekaa miezi bila kazi, mikono inawawasha."

Kufuli ikafunguliwa. Nilitoka na kapu la Bombo kichwani. Shangazi aliliangalia, akaliangalia tena, akaenda dirishani akafungua kapu la mama, na kitambaa akakitupa miguuni mwa fundi. Mimi hakunigusa wala hakunipiga. Akahesabu: "Kumi na mawili. Na hili la kumi na tatu. Twende."

Tulipanda mvua ikitunyeshea. Mahali pa kupumzikia alikaa kando yangu.

"Gauni ulivaa?"

"Sikuvaa."

"Hayo yameisha hapa. Baba yako hatajua, kanisa halitajua. Ukifungua mdomo utajimaliza wewe na wadogo zako."

"Na hili la Bombo?"

Alikamua maji kwenye kanga yake muda mrefu. "Utalipeleka," akasema. "Sema umelikuta sokoni."

Nililipeleka tulipokwenda Bombo kwa wajomba kumaliza msiba. Yule rafiki wa mama alikuwa nje anapepeta maharage. Nikaweka kapu mbele yake, ngata ndani. Aliacha kupepeta. Akapitisha kidole kwenye uzi mwekundu, kupanda na kushuka, akazunguka mdomo wote mpaka aliporudi alipoanzia.

"Umelipata wapi?"

Nilikuwa nimefunzwa. Nikasema, "Same, mama. Sokoni. Lilikuwa linauzwa."

Yeye ndiye aliyekaa na mama yangu kufundishwa kwamba kapu hilo haliuzwi. Alinitazama usoni na kwenye nywele zangu zilizoanza kuota. Alijua nimesema uongo, na alijua kwa nini mtu husema uongo wa namna hiyo.

"Linauzwa," akasema. "Haya. Asante mwanangu."

Akamimina maharage ndani yake, akaendelea na kazi. Hakuniuliza tena, siku hiyo wala miaka yote aliyoishi. Binti hakurudi. Kama aliishi, kama alikufa, mimi sijui.

Baada ya wiki mbili nilishuka Same na chakula. Baraza ilikuwa tupu, alama za miguu ya cherehani zimebaki kwenye udongo. Mwenye duka alisema fundi amehama, labda Korogwe, labda Moshi, mafundi ni watu wa kuhama. Baba alirudi nyumbani mambo ya kodi yalipotulia, akaishi nami miaka mingi, tukasemezana habari za ng'ombe. Sijui kama shangazi alimwambia. Siku moja tu, amezeeka haoni, alilipapasa kapu la mama ukutani, akasema, "Hili nilikuona nalo Same. Nilitaka kukuita urudi." Nikamwambia anywe uji.

Mimi niliuza makapu. Ya mdomo mtupu, mengi, Same, Moshi, hata kwa Wazungu. Ndiyo yaliyojenga nyumba hii na kusomesha wadogo zangu. Watu husifu mikono yangu na nawaacha wasifu, ni haki yangu.

Lakini nilikuwa na kichwa na mikono miwili siku ile nilipotoka chumbani kwa fundi. Makapu matupu ya ukindu ni mepesi, mtu hubeba manne kwa mkono mmoja. Shangazi alikuwa barazani, wanawake kumi pamoja naye, fundi asingethubutu. Nilichukua nililolijua. Yale mawili niliyaacha kichanjani kwa sababu sikujua ni ya nani, na sikumwambia mtu kwamba yako pale.

Ufungo wa yale mawili naukumbuka. Moja lilikuwa na mafundo mawili mawili. Jingine lilikuwa na uzi wa rangi ya majani makavu, uliokatwa kabla haujamaliza mdomo, kama mtu aliyeitwa akaacha kazi. Kama uko hai mahali fulani katika milima hii na mama yako alifunga hivyo, kapu lake lilikuwa Same, chumba cha nyuma, nami nililiona.